Jinsi ya kuifungua 720,720 kwa kalamu na karatasi

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama hapa Tanga, na miaka ya nyuma nilifundisha hisabati darasa la sita na la saba. Desemba tulipofunga hesabu, faida ilikuwa shilingi 720,720. Tulikuwa 13, na mwenzetu mmoja mwenye duka alikuwa safarini, hatujui kama atarudi kuchukua fungu lake. Mwenyekiti akatoa simu apige hesabu. Nikamwambia, "Dada, tulia. Tukiwa 13 inagawanyika, tukiwa 14 inagawanyika." Chukua karatasi nikuonyeshe nilivyojua.

Usianze kugawanya. Itazame kwanza. Tarakimu tatu za mbele ni 720, na za nyuma ni 720 tena. Andika 720,000, ongeza 720: umeipata. Maana yake ni 720 mara 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Mimi hapa huwa nafurahi kila mara, kwa sababu 7, 11 na 13 ndizo zinazowahangaisha watoto. Ya 2 na ya 5 unaiona kwenye tarakimu ya mwisho, hizi zinajificha.

Na kama namba ya tarakimu sita haijirudii? Toa fungu moja la tarakimu tatu kwenye jingine. Kwa 415,233, fanya 415 − 233, unabaki na 182. Hiyo 182 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini si kwa 11. Basi na 415,233 iko hivyo hivyo, kwa kuwa ni 415 mara 1,001 ukitoa 182. Jaribu mwenyewe uone.

Sasa rudi kwenye 720. Igawanye kwa 2 mpaka igome: 360, 180, 90, 45. Ni mara nne. Iliyobaki, 45, ni 3 × 3 × 5. Kwa hiyo:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Vipeo, zile tarakimu ndogo za juu, viandike kwa uangalifu, maana ndivyo vinavyohesabu vigawo, yaani namba zinazoigawanya bila baki. Ukiunda kigawo, ile 2 unaweza kuiacha kabisa, au kuichukua mara moja, mbili, tatu au nne: njia tano. Ya 3 ina njia tatu. Zile nne zilizobaki, kila moja unaichukua au unaiacha: njia mbili mbili. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, upate vigawo 240. Hakuna namba iliyo ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo vingi kiasi hicho.

Humo ndani zimo zote kuanzia 1 hadi 16. Ndiyo KDS yao (kigawe kidogo cha shirika), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila moja yao. Ya 14 ni 2 × 7, zote zipo. Ya 16 ni 2⁴, ipo. Ukifika 17 inakataa, inabaki 5, kwa kuwa 17 ni namba tasa na haimo kwenye orodha yetu.

Je, 720,720 ni kipeo cha pili cha namba fulani, yaani namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe? Hapana: 5, 7, 11 na 13 zimesimama moja moja bila jozi. Zipe jozi, yaani zidisha kwa 5,005, utapata 60,060 mara 60,060.

Mama wa duka alirudi siku ya tatu. Tukagawana watu 14, kila mmoja 51,480, haikubaki hata shilingi.