Kuchagua plagi mpya za gari lako, na maswali ya kumuuliza fundi kabla hujalipa

Mimi ni fundi wa magari madogo ya petroli, na kazi yangu kubwa ni Toyota zilizoingia kutoka Japani. Wateja wengi wanaonijia baada ya kupita gereji nyingine husimulia jambo lilelile: gari lilikuwa linamisi, yaani silinda moja au zaidi haichomi mafuta sawasawa na injini inatetemeka, wakaambiwa plagi, vile vijiti vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli, zimekwisha, wakalipia plagi wasizozijua, na gari likaendelea kumisi. Ukiwauliza plagi za zamani zilikuwaje, hawakuziona. Hilo linanikera, kwa sababu plagi ina majibu yake juu yake yenyewe, na mwenye gari yeyote anaweza kujifunza kuyasoma. Kumuuliza fundi si kumdharau. Fundi anayejua kazi yake hufurahi kuulizwa.

Mfano wangu utakuwa Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, kwa kuwa injini hiyo iko pia kwenye Probox, Raum, Spacio, Premio za 1.5 na nyingine nyingi barabarani kwetu.

Hatua ya 1: Ijue injini, jina la gari halitoshi

IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ilikuja na injini mbili: NCP60 ina 2NZ-FE ya lita 1.3, na NCP61 ina 1NZ-FE ya lita 1.5. Ile ya umbo la pili ya mwaka 2007 ipo NCP110 yenye 1NZ-FE, na ipo ZSP110 yenye 2ZR-FE ya lita 1.8. Hapo ndipo watu wanapoumia. Plagi ya 1NZ-FE ina uzi wenye urefu wa 19 mm, ya 2ZR-FE ina 26.5 mm. Ukifika dukani ukasema "nipe plagi za IST", unaweza kupewa fupi mahali pa ndefu. Plagi fupi itawaka huku cheche imejificha ndani ya tundu, na uzi uliobaki wazi kwenye silinda hedi utajaa masizi. Ndefu mahali pa fupi inaweza kugongana na pistoni.

Kwa hiyo soma bati la chasisi ndani ya boneti, andika namba kwenye simu yako. Kisha fungua kitabu cha gari. Najua vingi ni vya Kijapani na watu huviacha kwenye droo, lakini hutakiwi kujua Kijapani. Pekua kurasa za mwisho, penye vipimo, utafute maneno NGK na DENSO. Pembeni yake kuna namba za plagi kwa herufi za kawaida, na nafasi ya cheche, yaani uwazi kati ya ncha ya kati na mguu wa pembeni wa plagi, kwa milimita.

Jua pia idadi ya silinda. Passo ya 1KR-FE ina silinda tatu tu. Ukiandikiwa plagi nne, uliza ya nne inakwenda wapi.

Hatua ya 2: Soma namba herufi kwa herufi

Kwa 1NZ-FE namba utakazokutana nazo mara nyingi ni NGK BKR5EYA-11 au Denso K16R-U11. Tuichambue ya NGK. B ni unene wa uzi, 14 mm. K inahusu mahali pa kushikia spana, soketi ya 16 mm. R maana yake ndani kuna ukinzani unaozuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. Gari la kisasa lisiwekewe plagi isiyo na R kama kitabu kinataka yenye R. 5 ni kiwango cha joto, yaani jinsi plagi inavyoondoa joto nchani mwake: ya baridi huliondoa haraka, ya moto hulishikilia. E ni urefu wa uzi, 19 mm. YA inaeleza umbo la ncha. Na 11 ya mwisho ni nafasi ya cheche, 1.1 mm.

Ya Denso inasema karibu yaleyale kwa lugha nyingine: 16 ndiyo kiwango cha joto, na inalingana na 5 ya NGK. 20 ya Denso ni sawa na 6 ya NGK, 22 ni sawa na 7. Kwenye kampuni hizi mbili, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Bosch wanahesabu kinyume, namba ikipanda plagi inakuwa moto zaidi. Fundi anayekuambia "namba ni namba tu" hajui tofauti hii, na hapo usimruhusu achanganye kampuni kwa kukisia.

Hatua ya 3: Dai plagi za zamani, uziangalie mwangani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Mwambie fundi: "Fundi, zipange kwa mfuatano, ya silinda ya kwanza hadi ya nne, nizione." Zikichanganywa kwenye kopo, nusu ya ushahidi imepotea.

Anza na ncha. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni injini inayochoma vizuri. Masizi makavu meusi kwenye zote nne yanaonyesha petroli ni nyingi kuliko hewa: angalia kichujio cha hewa, angalia sensa, au ni gari la safari fupi na foleni za kila siku. Plagi mpya hapo zitakuwa nyeusi tena baada ya muda. Nyeupe iliyobabuka, yenye vidonda vidogo, inaonyesha joto kupita kiasi, na inabidi ujue chanzo kabla ya kufunga nyingine. Ikiwa moja peke yake imelowa oili nchani, tatizo liko kwenye silinda hiyo: ringi au sili za valvu.

Kuna oili nyingine inayochanganya watu. Plagi inatoka ikiwa imelowa juu, upande wa koili (kifaa kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme), lakini ncha ni safi. Hiyo oili haikutoka ndani ya silinda. Imeshuka kutoka kwenye gasketi za tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, zile pete za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi. Mtu akikuambia "injini imekufa ringi" kwa kuona oili hiyo, mwoneshe ncha. Kazi ya gasketi na kazi ya kushusha injini ni bei mbili tofauti kabisa.

Sasa geuza plagi uangalie kauri nyeupe. Mara nyingi utaona pete ya kahawia, kama doa la chai, juu kidogo ya mahali pa kushikia spana. Mafundi wengi huonesha pete hiyo na kusema "hizi zinavuja moto, tupa". Pete hiyo inatokana na umeme mkali unaozunguka kauri: unavuta chembe za mvuke wa oili na vumbi, zinaganda hapo. Plagi nzima yenye afya huwa nayo. Haiwezi kuwa sababu ya kubadilisha.

Kinachopaswa kukushtua ni mstari mwembamba mweusi unaoshuka wima juu ya kauri, kutoka kichwani hadi kwenye chuma. Hapo cheche imeruka nje badala ya kwenda nchani. Chunguza mpira wa koili wa silinda hiyo, ndani yake utakuta alama inayolingana. Ukifunga plagi mpya ukaacha mpira uleule, cheche itarudia njia ileile.

Mwisho tazama mguu wa pembeni na ncha ya kati. Plagi iliyochakaa kingo zake zimeviringika na nafasi imepanuka. Pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: iliyotakiwa kuwa 1.1 mm ukikuta 1.4, fundi amesema kweli, zimekwisha.

Hatua ya 4: Pima ushauri mmojammoja

"Huku kwetu ni joto, weka namba ya baridi." Hapana. Nyuzi joto 32 za Dar es Salaam na 10 za Njombe hazina uzito mbele ya kinachotokea ndani ya silinda. Ncha ya plagi inahitaji kufika kama nyuzi 450 ili ijichome masizi yenyewe, na isizidi takribani 850, maana ikizidi hapo inaanza kuwasha petroli kabla ya wakati na inaweza kutoboa pistoni. Mtengenezaji alichagua 5 kwa hesabu hiyo. Ukiweka 7 kwenye IST ya foleni za Mbagala, itajaa masizi. Plagi baridi zaidi ina nafasi yake kwenye injini iliyoongezewa nguvu, yenye tabo (turbo) iliyopandishwa presha. Kama gari lako si hilo, baki na namba ya kitabu.

"Weka iridiamu, itapunguza ulaji wa mafuta." Ukilinganisha na plagi zilizokufa, plagi mpya yoyote itapunguza. Ukilinganisha na za kawaida mpya, usitarajie muujiza. Faida ya kweli ya iridiamu ni kudumu, kwa kuwa chuma hicho huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400 wakati nikeli ya plagi za kawaida inayeyuka kwenye 1,455. Lakini uliza swali la pili: madini hayo yako ncha ya kati tu, au na mguu wa pembeni pia? Zile za kufika kilomita 100,000 zina chuma cha thamani pande zote mbili. Yenye iridiamu upande mmoja itakwisha mguu wake wa nikeli mapema, na umelipia jina. Kwa 1NZ-FE iliyoagizwa na plagi ya nikeli, mimi humwambia mteja wazi: weka nikeli orijino, badilisha kila kilomita 20,000, hujakosea kitu. Ila kama kitabu kimeagiza iridiamu, kama SK20R11 ya Denso kwenye baadhi ya injini za 2AZ-FE, usishuke kwenye nikeli ili kuokoa pesa.

"Tubane nafasi kidogo." Kwa gari la petroli lenye koili nzima, hakuna sababu. Kwa gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia, fundi ana hoja: gesi inadai umeme mkubwa zaidi ili cheche iruke, na nafasi ndogo kidogo husaidia koili zisichoke. Hapo msikilize, muulize anabana hadi ngapi, na apime kwa geji, asigonge plagi sakafuni. Iridiamu isibanwe kwa kuingiza kitu kati ya ncha, sindano yake inavunjika.

"Nitazisafisha kwa msasa, zitadumu." Msasa na brashi ya chuma huacha unga wa chuma kwenye kauri, na umeme unapata njia ya kuvujia.

"Badilisha moja tu iliyokufa." Kama imepasuka juzi na nyingine bado mpya, sawa. Vinginevyo badilisha zote kwa pamoja, zimetembea umbali uleule.

Hatua ya 5: Dukani

Feki za NGK na Denso zimejaa, na boksi zake zinapendeza. Nenda na plagi moja ya zamani, uzilinganishe mkononi: urefu wa uzi, kimo cha kauri, mahali pa kushikia spana. Maandishi kwenye kauri yawe makali bila kuchuruzika. Uzi uwe laini, usikwaruze kidole. Washa yake, ile pete ya chuma juu ya uzi, isidondoke ukiizungusha kidogo, maana kwenye feki nyingi hutoka kirahisi. Itazame plagi kwa mbele: mguu wa pembeni ukae katikati kabisa juu ya ncha. Kwenye feki mara nyingi umepinda upande. Na kama bei ni ndogo sana kuliko maduka mengine yote ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, jua unachonunua.

Hatua ya 6: Kufunga

Injini iwe imepoa. Silinda hedi ya alumini ikiwa ya moto, uzi wake huharibika kirahisi. Toa kava, chomoa soketi za koili kwa kubonyeza kikufuli chake, fungua bolti namba 10, vuta koili juu. Puliza vumbi kwenye mashimo kabla hujalegeza plagi, la sivyo mchanga wote utaingia kwenye silinda.

Plagi mpya ianze kwa vidole, ukitumia soketi na kipande cha kurefushia bila racheti. Ikikataa mapema, irudishe nyuma uanze upya. Ikigusa chini, plagi mpya ya 14 mm yenye washa huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Ukiona fundi anaweka bomba kwenye racheti ili akaze zaidi, mzuie. Usimruhusu pia apake grisi kwenye uzi: plagi nzuri zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi inafanya zikazwe kupita kiasi bila mkono kuhisi.

Washa gari, lisikilize likiwa limesimama, kisha liendeshe kwenye mlima. Likiendelea kumisi na taa ya injini ikiwaka, usikubali kununua seti nyingine. Omba lisomwe kwa mashine. P0302 maana yake silinda ya pili ndiyo inayomisi. Hamisha koili ya pili iende ya tatu, futa kosa, endesha tena. Likisomeka P0303, koili ndiyo mbovu, nunua hiyo moja. Likibaki P0302, hamisha na plagi vilevile. Likibaki palepale hata baada ya hapo, plagi na koili hazihusiki tena: fundi apime nozeli (inayopuliza petroli) na kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo.