Kuandaa pikipiki ya barabarani kwa siku ya sakiti ukiwa Mombasa

Pikipiki inayotoka Mombasa kwenda sakiti, yaani uwanja wa mbio, mara nyingi haiangushwi na injini. Huangushwa na breki zilizonyonya unyevu, shoku zilizoliwa na chumvi, na boliti iliyolegea ikamwaga oili mbele ya matairi ya wenzako. Pesa yako ya kwanza iende huko. Eksozi ya kelele ni ya mwisho kabisa, na ukiikosa siku ya kwanza hutapungukiwa na chochote. Maelezo haya ni ya pikipiki za cc 150 hadi 600 zenye diski mbele na tairi zisizo na tyubu: Pulsar NS200, Apache, Duke, R15, CBR na jamaa zao. Boxer ya kubeba abiria, yenye tyubu na breki ya ngoma, iache na kazi yake.

Breki kwanza

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Ukienda Nyali na kurudi hutaliona tatizo. Kwenye sakiti unafunga breki kwa nguvu kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, joto halipati nafasi ya kushuka. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kwa urahisi, na leva inakuja mpaka kwenye mkono bila breki kushika. Tumia DOT 4 nzuri au DOT 5.1, ambayo huanzia 260 ikiwa mpya. DOT 5 ya silikoni ni kitu kingine. Usiichanganye na hizi.

Nunua chupa ya ml 500 iliyozibwa. Ile iliyofunguliwa mwezi uliopita ikakaa rafuni usiitie, hata kama imebaki nusu. Funika tanki kwa kitambaa kilicholowa maji, maana mafuta haya hula rangi. Fyonza ya zamani katika kikopo cha juu, futa tope la chini, jaza mapya. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipuli (skrubu ndogo ya kutolea mafuta) ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na mwisho wake uzame katika chupa yenye mafuta kidogo. Bana leva, legeza nipuli robo mzunguko, mafuta yatoke, kaza, ndipo uachie leva. Ukiachia kabla ya kukaza, hewa inarudi ndani na unaanza upya. Usiache kikopo kikauke. Endelea mpaka rangi ya chai ipotee na viputo viishe.

Nipuli za pikipiki za Pwani huganda kwa kutu. Usizilazimishe kwa spana ya mdomo wazi, zitakatikia ndani ya kalipa. Toa pedi kwanza, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi gonga taratibu kwa nyundo ndogo, kisha tumia soketi ya pembe sita. Hapohapo sugua pistoni kwa mswaki na maji ya sabuni kabla ya kuzirudisha ndani. Ukisukuma chumvi na vumbi ndani ya sili, pistoni itaanza kukwama na pedi itakwaruza diski hata ukiwa umeachia breki.

Pedi ziwe na angalau milimita 3 asubuhi ya siku yenyewe. Aina ya chuma kilichoshindiliwa huvumilia joto kuliko zile laini za mjini. Pedi mpya zizoeshe diski kwanza: kwenye barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha ziache zipoe. Kama hosi za mpira zina umri wa miaka mingi, badilisha uweke zilizofumwa kwa waya wa chuma, na washa za shaba ziwe mpya kila unapofungua.

Shoku za mbele

Pitisha ukucha polepole juu ya mrija unaong'aa wa shoku, hasa ile sehemu ya vidole vinne juu ya sili. Ukucha ukikwama, hata kwa kidoa kidogo cha rangi ya kahawia, kromu imefunguka na kutu imechimba kishimo. Kila unapofunga breki, kishimo hicho hupita kwenye mdomo wa sili na kuutafuna. Matokeo yake ni oili inayoteremka mpaka kwenye diski na pedi. Kishimo kidogo kisawazishe kingo zake kwa msasa namba 1000 uliolowa mafuta, kijaze gundi ngumu ya epoksi, ikikauka maliza kwa namba 2000. Vishimo vingi havina dawa: mrija upigwe kromu upya au ubadilishwe.

Sili ikivuja na mrija ni msafi, huenda ni mchanga tu. Shusha kifuniko cha vumbi, kata kipande chembamba cha chupa ya maji ya plastiki chenye kindoano, kiingize kati ya sili na mrija, uzungushe. Uchafu utatoka na kuvuja mara nyingi huisha. Pedi iliyokwisha kulowa oili itupe. Kuichoma kwa moto hakuirudishii nguvu.

Halafu pima mzamo, yaani kiasi ambacho shoku huzama ukiikalia pikipiki. Wenzako wawili wainue pikipiki mpaka gurudumu liachie ardhi, upime urefu wa mrija wa mbele unaoonekana. Kaa ukiwa umevaa nguo zote za kuendeshea, upime tena. Tofauti iwe milimita 30 hadi 35 mbele, na karibu hivyohivyo nyuma. Ikizidi, kaza springi, ikipungua, legeza. Pikipiki nyingi ndogo hazina marekebisho ya mbele, na hapo fundi anaweza kuongeza kipande cha bomba juu ya springi, milimita 5 kwa wakati. Asizidishe, springi isije ikabanwa hadi mwisho.

Tairi

Tazama tarakimu nne zilizo ubavuni: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Jua la huku hukausha mpira, kwa hiyo tairi iliyozidi miaka mitano, au yenye nyufa ndogo kando ya mikunjo yake, usiingie nayo sakiti hata kama meno bado yapo.

Upepo huanza chini kidogo ya kipimo cha kitabu, kwa sababu joto litaupandisha. Punguza psi 2 au 3, zunguka dakika 15, ingia, pima mara moja tairi ikiwa moto. Ikiwa upepo umepanda kati ya asilimia 10 na 20, uko sawa. Upepo ukipanda zaidi ya hapo, tairi inajikunja mno na kujichemsha: ongeza upepo kidogo. Upepo ukipanda chini ya hapo, tairi haifanyi kazi: punguza. Tairi za mbio zina vipimo vyake, fuata vya mtengenezaji.

Oili, maji na waya

Weka oili mpya yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, nayo hufanya klachi iliyo ndani ya oili iteleze. Jaza mpaka alama ya juu, usiipite.

Kulanti imwage yote. Ina glaikoli, na ikimwagika juu ya lami huteleza na ni ngumu kuosha. Suuza mfumo mara mbili, jaza maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima cha Mombasa usiyatie kabisa, yana chumvi. Kwetu hakuna baridi ya kugandisha, kwa hiyo maji matupu hayana hatari kwa siku chache. Angalia pia mpira wa kifuniko cha redieta, maana ukilegea maji huchemka mapema.

Sasa boliti zinazozuia mafuta: nati ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia, filta, na boliti za kalipa. Zifunge kwa waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 0.8. Bana boliti kwenye vaizi, gonga alama ya kuanzia karibu na kona ya kichwa, toboa kwa biti ya milimita 1.5, kutoka ubavu mmoja kutokea ubavu wa jirani. Keekee izunguke polepole, tone la oili kila mara, usiisukume. Biti hukatika pale inapotokea upande wa pili, basi hapo legeza mkono. Nunua tatu. Kaza boliti kwa kipimo cha kitabu kwanza, kisha pitisha waya, uusokote mizunguko mitatu hivi kwa kila sentimita, uufunge mahali patakapouvuta kuelekea upande wa kukaza. Ukiuvuta upande wa kulegeza umefanya kazi bure. Filta isiyo na kichwa cha boliti zungushia klempu ya hosi, halafu funga waya kwenye klempu.

Kava za faiba

Hapa Pwani tuna bahati: mafundi wa maboti wanaijua faiba vizuri. Kava za plastiki za kiwandani ni ghali na huvunjika kwa mwanguko mmoja. Nakala ya faiba hutengenezeka na hurekebishika.

Kwanza unatengeneza kalibu juu ya kava ya asili, kisha nakala ndani ya kalibu hiyo. Safisha kava ya asili, ziba matundu kwa selotepu upande wa ndani, ipake nta tabaka tano, ukisugua kila moja ikikauka. Hiyo nta ndiyo itakayoiachanisha na kalibu. Ukiiruka sehemu moja utaivunja kava yako. Tandaza tabaka la jelkoti (rezini nzito ya uso wa nje), kisha mikeka ya nyuzi za faiba iliyoloweshwa rezini, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, mitatu kwa kalibu, miwili kwa kava yenyewe, na mkeka wa ziada kuzunguka matundu ya boliti. Mikeka miwili ya mita moja ya mraba hutaka rezini kilo 1.2 hadi 1.5. Ikizidi, kava inakuwa nzito na ya kuvunjika kama kigae.

Joto letu hubadilisha hesabu. Dawa ya kugandisha anza na asilimia 1, yaani karibu ml 5 kwa nusu kilo ya rezini. Ukiweka asilimia 2 mchana wa Februari, kikopo kitaganda mkononi kabla hujamaliza kupaka. Changanya kidogo kidogo, fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, na mkeka ukae ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu mkeka wenye unyevu hauloi rezini vizuri na huacha madoa meupe yasiyo na nguvu. Vaa miwani ya kazi: tone moja la dawa hiyo linaweza kupofua jicho. Unapopiga msasa vaa barakoa.

Vya kutoa na vya kuongeza

Toa vioo, indiketa, kibati cha namba, vikanyagio vya abiria na stendi ya katikati. Stendi hiyo ikigusa lami kwenye kona huinua gurudumu la nyuma. Taa zisizotoka zibandike teipu baada ya kutoa fyuzi yake, la sivyo joto litayeyusha gundi juu ya kioo. Mkono wa mafuta urudi wenyewe kwa kishindo ukiuachia, usukani ukiwa umekatwa kulia, kushoto na katikati.

Vipande vya kulinda fremu fundi wa mashine ya leth anaweza kukuchongea kwa nailoni ngumu ya kipenyo cha milimita 50. Kichwa cha boliti kizame ndani angalau milimita 15, ili kisikwaruze lami kabla ya nailoni kuisha. Visitokeze sana nje ya kava: kirefu hunasa majani ya kando na kuipindua pikipiki.

Kupandisha bara

Pikipiki isiyo na namba, taa na vioo hairuhusiwi barabarani, kwa hiyo ipakie kwenye pick-up. Mikanda minne, miwili ya mbele ikivuta usukani mpaka shoku zizame nusu, si zaidi, sili zisiteswe njia nzima. Kaza tena Mariakani, kisha Voi, kisha Mtito Andei, maana mikanda hulegea kwa mitikisiko.

Uwanda wa Athi River, iliko sakiti, uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Pikipiki ya kabureta iliyotulia Mombasa itapata petroli nyingi kuliko hewa kule: moshi mweusi, plagi nyeusi, kukohoa ukivuta mafuta. Chukua jeti kuu (kijitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) mbili, ndogo kwa hatua moja na mbili. Ukirudi Mombasa rudisha ya zamani kabla ya kuiwasha, kwa sababu jeti ndogo usawa wa bahari hukausha mchanganyiko na kuunguza pistoni. Za injeksheni hujirekebisha zenyewe, lakini nguvu hupungua vilevile. Kutoa jino moja sproketi ya mbele, 14 kuwa 13, kunasaidia kutoka kwenye kona na ni sawa na kuongeza matatu nyuma. Kipimo cha upepo nacho hupanda psi 2 hivi kwa mwinuko huo, huku baridi ya asubuhi ikikishusha, basi usitegemee vipimo vya nyumbani. Pima palepale, kwa geji yako mwenyewe.

Ukisharudi, mwaga yale maji ya redieta siku hiyohiyo ujaze kulanti, kabla hayajaanza kula aluminiamu ya injini.