Kikapu cha wakati wa kunyonyesha

Mtoto wa miaka miwili huanza vurugu pale tu kichanga anaposhika titi. Anajua mama hawezi kuinuka. Basi kabla ya kukaa, mpeleke akojoe, mpe maji na nusu ndizi. Kaeni chini mkekani, si kitandani, kisha mfungulie kikapu chake: vikombe vya plastiki, mwiko, kipande cha kanga. Chochote kinachopenya kwenye kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni kisiingie humo. Karanga na sarafu humkaba. Betri ndogo bapa, kama za saa, ni mbaya zaidi, zikimezwa huunguza koo. Kichanga akishiba, kikapu kirudi juu ya kabati. Kikiachwa wazi kutwa, hakichukui siku tatu kabla hajakichoka. Na siku nyingine mkubwa asikie ukimwambia mdogo wake, “Subiri kidogo, namvalisha dada viatu.”