Karavani, Vioo na Leseni Yangu: Kwa Waganda Mlioko Uingereza

Kama leseni yako ya Uingereza haijatimiza miaka miwili, soma hapa kabla hujaunga tela lolote nyuma ya gari. Wengine someni tu mkinicheka, nimeshazoea.

Mimi nilijifunza gari Bombo, kwa mzee, kwenye pikapu ya kubeba matofali. Miaka 14 nimekula vumbi la barabara ya Kampala kwenda Gulu, malori ya mpakani Elegu yakinipumulia kisogoni. Nilipofika huku, leseni ya Uganda ilinifaa miezi 12 tu, kisha nikakaa mtihani wao pamoja na watoto wa miaka 17, nikafaulu. Sikujua kwamba siku ile ya kufaulu ndiyo niliyozaliwa upya kama dereva. Ile miaka 14 ya Bombo huku ni sifuri. Ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza, leseni inafutwa. Narudia: haisimamishwi kwa muda, inafutwa. Unarudi kwenye leseni ya mwanafunzi, bandiko la L, mtihani wa nadharia na mtihani wa barabarani.

Tayari nilikuwa na pointi 3 za mwendo kasi. Zilizobaki nilizichuma kwa kioo.

Ilikuwa Agosti, watoto wanalilia bahari, bei za hoteli hazishikiki. Tukakodi karavani, kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, kwa mzee mmoja wa mtaani. Sasa piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Gari langu lina upana wa mita 1.8 hivi, karavani mita 2.3. Kila upande linakuzidi kwa sentimita 25, kwa hiyo kioo chako cha pembeni kinakuonyesha bati jeupe tu. Kile cha ndani kinakuonyesha dirisha la karavani na mapazia ya maua. Mzee alitupa vioo viwili vya nyongeza, vile vya kufungwa juu ya vioo vya gari, ndani ya mfuko wa plastiki. Mkanda wa kimoja ulikuwa umekatika. Shemeji yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kawempe, akasema, “Achana navyo. Boda wangapi Kampala wana vioo?” Nikavitupa kwenye buti. Dereva nilikuwa mimi, simlaumu yeye.

Baada ya maili 40 tukasimamishwa. Askari alikuwa mpole kama mwalimu wa chekechea. Aliniuliza swali moja tu: “Kwenye kioo cha kushoto unaona nini?”

Nikamjibu kweli: “Karavani.”

Akaandika. Shemeji naye ananong'ona kwa nyuma, “Mpe chai, mpe chai.” Enyi mashemeji, wajomba na wazee wetu mnaokuja kutembea, tunawapenda, lakini neno hilo liacheni Entebbe. Huku ni kesi ya pili, tena nzito kuliko ya kwanza.

Kwa kosa hili faini inaweza kufika pauni 1,000, pamoja na pointi 3. Tatu na tatu ni sita. Barua ya kufutiwa leseni haikuchelewa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, nyumba hadi nyumba, na kazi hiyo bila gari ni kukimbizana na mabasi kwenye mvua.

Kilichoniuma zaidi ni jirani wa yule mwenye karavani. Alisimama kwenye ua wake na kikombe cha chai, akatutazama tukiunga, tukiondoka bila vioo. Naye ana karavani, anajua. Akasema tu leo hali ya hewa ni nzuri. Waingereza ndivyo walivyo: anaona kosa lako, ananyamaza, na huo kwake ni ustaarabu. Kwetu hata muuza muhogo angepiga kelele, “We! Vioo viko wapi?” Na lori la kwetu lina taniboi, anatoa kichwa dirishani na kugonga bodi. Huku taniboi hakuna. Wala sijaelewa mtu mwenye nyumba yenye joto anayeiacha akalale ndani ya kisanduku kwenye matope, akasema anapumzika.

Basi vioo. Kama karavani ni pana kuliko gari, vioo vya nyongeza ni lazima, vyote viwili. Viwe na alama ya E, yaani vimeidhinishwa rasmi, na visitokeze zaidi ya milimita 250 nje ya upana wa karavani. Kioo bapa kinakuonyesha umbali wa kweli. Kilichobinuka kinaonyesha eneo kubwa zaidi, ila gari lililo karibu huonekana kama liko mbali, na hapo ndipo mtu hujitosa kubadilisha njia.

Kuvipanga kunataka watu wawili na uwanja mtupu. Nyoosha gari na karavani mstari mmoja, ukae kama utakavyoendesha. Mwenzako azungushe kioo mpaka uone ukanda mwembamba wa ubavu wa karavani kwenye ukingo wa ndani, kwingine kote iwe barabara. Kisha mtoto mwenye fulana ya njano asimame mita 20 nyuma ya kiti chako, aanzie usawa wa ubavu wa karavani na kusogea nje mpaka mita 4. Akipotea hata hatua moja, rekebisha. Rudia upande wa abiria, ndio unaodanganya.

Kaza skrubu, endesha maili chache, simama, ukaze tena. Msiruke hapa! Lori likikupita, upepo wake hutikisa kioo kilicholegea mpaka barabara ya nyuma inaonekana kama maji kwenye beseni. Ukishaitenganisha karavani na gari, vitoe.

Mengine ni mepesi: namba ya gari ibandikwe nyuma ya karavani, mwendo usizidi maili 60 kwa saa kwenye motorway, zile barabara kuu za mwendo kasi, na huko penye njia tatu au zaidi ile ya kulia kabisa si yako. Ukirudi nyuma, mtu ashuke akuongoze.

Nadharia nimeshafaulu tena. Mtihani wa barabarani ni mwezi ujao. Shemeji amepiga simu kutoka Kawempe kwamba anataka kuja kunisindikiza, nimemwambia atume dua tu.