Jinsi ya kuitisha baraza la wananchi kuhusu teknolojia mpya

Baraza la wananchi ni kundi la watu wa kawaida wanaojifunza jambo, wakalijadili, kisha wakampa mwenye uamuzi mapendekezo. Lililoniharibikia kuliko yote liliharibika kabla hata watu hawajaketi. Vifaa tulivyowaita watu kuvijadili vilikuwa vimeshanunuliwa, nami sikuambiwa. Wajumbe waligundua siku ya pili, wakanuna, na haki yao. Ndiyo maana siku hizi hatua ya kwanza inanichukua muda mrefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna jambo ambalo halijaamuliwa. Kabla ya kutafuta ukumbi, mwenye uamuzi akuandikie mambo mawili: nini bado kiko wazi, na kwamba atajibu kila pendekezo kwa tarehe fulani, hata akilikataa. Akianza kuzungukazunguka, ahirisha. Kisha tunga swali moja. "Mnaionaje akili mnemba (AI)?" halijibiki. "Je, kamera zinazotambua sura zitumike katika vituo vya mabasi, na kwa masharti gani?" Hilo mtu analishika.

Hatua ya 2: Chagua wajumbe kwa bahati nasibu. Ukitangaza "anayependa aje", watakuja wale wale wa kila mkutano. Ufaransa iliwapata watu 150 wa baraza lake la tabianchi la 2019 kwa kupiga namba za simu za bahati nasibu, kisha ikasawazisha umri, jinsia, elimu na makazi. Usiogope udogo: Denmark, iliyoanza mikutano ya namna hii 1987, ilitumia watu kama 15 tu. Lipa posho na nauli, na uweke mtu wa kuangalia watoto. Bila hayo utabaki na wastaafu na wanafunzi.

Hatua ya 3: Maswali yatoke kwao. Wape wikiendi nzima ya kujifunza, halafu wao waandike maswali na wachague wataalamu wa kuwajibu, wanaounga mkono na wanaopinga. Usiwasahihishie. Mama mmoja aliwahi kumuuliza mhandisi: "Mashine ikinifananisha na mwizi, nakwenda kumlalamikia nani?" Mhandisi alifungua daftari, akalifunga. Swali lile ndilo lililozaa pendekezo la kwanza la baraza lile.

Jiandae pia kusikia hapana. Mwaka 2006 huko Sikasso, Mali, wakulima walisikiliza mashahidi wa pande zote kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba, kisha wakayakataa.

Hatua ya 4: Meza ndogo. Watu sita au saba, mwezeshaji mmoja asiye na upande. Anayesema sana apewe kazi ya kuandika, inamtuliza.

Hatua ya 5: Ripoti waiandike wenyewe. Wewe rekebisha tahajia tu. Wasiokubaliana na wengi wapate ukurasa wao, kwa maneno yao. Wamkabidhi mwenye uamuzi mkono kwa mkono, mbele ya waandishi wa habari, na ile tarehe ya majibu isomwe kwa sauti hapo hapo. Ikifika, waite tena wajumbe wote wasikilize majibu, pendekezo kwa pendekezo. Bajeti ya kikao hicho itenge mapema, maana ndiyo inayokatwa kwanza.