Namna ya Kutumia Fomu ya Kupima Hatari na Mahitaji ya Mkosaji

Maafisa wa probesheni jijini Nairobi, yaani wanaoiandikia mahakama ripoti kuhusu wakosaji na kuwasimamia nje ya gereza, hawana kauli moja kuhusu fomu za kupima uwezekano wa mkosaji kurudia kosa na mahitaji yanayomsukuma kulitenda. Wapo wanaoziona kuwa mzigo juu ya faili ambazo hakimu anazingojea, na wapo wanaokiri, nami nimo, kwamba pasipo fomu tunampima mtu kwa mavazi yake na jinsi alivyotuamkua. Naona manung'uniko mengi hutokana na fomu kujazwa kabla ya mtu kusikilizwa, kwa hiyo afisa mpya na aanzie hapo.

Soma hati ya mashtaka na rekodi ya makosa ya awali kabla ya mahojiano, kisha ukikutana naye weka kalamu chini. Usimsomee maswali kama karani wa sensa. Mwombe akueleze siku yake ya kawaida tangu alfajiri, anakotafuta kibarua, anayekula naye, anayemkopesha anapokwama, na ikiwa anajieleza vizuri zaidi kwa Sheng, msikilize kwa Sheng. Majibu ya vipengele vingi yatajitokeza yenyewe. Baadaye yathibitishe kwa kuzungumza na jamaa, majirani, chifu na mwathiriwa, ukikumbuka kwamba jirani mwenye kinyongo cha zamani anaweza kumharibia mtu kwa sentensi moja.

Kazi ngumu ni kutoa alama. Kipimo cha LSI-R, mojawapo ya fomu hizo, kilichotungwa Canada na Don Andrews na James Bonta, kina vipengele 54 katika maeneo 10, na miongoni mwake kuna kuhama makazi mara 3 au zaidi katika mwaka uliopita na kuishi katika mtaa wenye uhalifu mwingi. Vipeleke vipengele hivyo katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare au Mukuru, ambako mtu huhama kwa sababu kodi imemshinda au nyumba imeungua, nawe utaona jinsi umaskini unavyoweza kuhesabiwa kuwa hatari. Hata hivyo, usifute alama kimyakimya kwa huruma. Itoe kama mwongozo wa kipimo unavyoelekeza, andika sababu kando yake, kisha mweleze hakimu katika ripoti ni sehemu gani ya jumla inatokana na mahali mtu anapoishi na ipi inatokana na mwenendo wake. Ukiona ni lazima kubadilisha daraja lenyewe la hatari ambalo jumla imempa, andika hoja zako na umwonyeshe msimamizi, kwa maana uchunguzi uliofanywa Ontario, Canada, ulionyesha kwamba mabadiliko ya aina hiyo yalipunguza usahihi wa kipimo. Ni vigumu kwa mtu aliyezeeka katika kazi hii kulikubali hilo, lakini inatupasa.

Jumla ya alama inakuambia umsimamie mtu kwa kiasi gani; mahitaji ndiyo yanayokuambia ufanye nini. Historia ya makosa haibadiliki, ila ulevi, marafiki na ukosefu wa kazi hubadilika, na huko ndiko mpango uelekezwe. Makanga anayeiba simu kila anapolewa na wenzake hasaidiwi na mafunzo ya ushonaji, kwa kuwa kazi tayari anayo. Naye mwenye hatari ndogo asiitwe ofisini kila wiki hadi akakosa kibarua, wala asiketishwe katika kundi moja na waliozoea uhalifu, kwani usimamizi uliozidi unaweza kumharibu.

Amri ya probesheni nchini Kenya huwa ya kati ya miezi 6 na miaka 3, muda unaotosha maisha ya mtu kugeuka kabisa. Rudia tathmini kila baada ya miezi michache, na pia mara tu anapopoteza kazi, anapofiwa au anapoachana na mwenzi wake. Weka fomu ya zamani kando ya mpya, umwonyeshe mwenyewe alama zilizoshuka na zilizopanda, kisha mpange pamoja hatua inayofuata.