Mkate wa nyumbani: pima kwa kidole, achana na saa

Mnaooka mkate wenyewe, msiufuate sana muda ulioandikwa kwenye mapishi. Aliyeandika "acha uumuke saa moja" alikuwa jikoni kwake. Dar es Salaam mwezi wa Februari donge linaweza kuumuka maradufu kwa dakika 40. Njombe mwezi wa Julai donge hilohilo litataka saa mbili au zaidi, na halina kasoro yoyote. Hamira hufuata joto.

Ukishalifinyanga na kuliacha liumuke mara ya pili, chovya kidole kwenye unga mkavu, ubonyeze taratibu. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kubakiza alama kidogo, oka. Lisiporudi kabisa limepitiliza: likande kidogo, lifinyange upya, lisubiri tena.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano mimi hutia maji mililita 300, hamira ya chenga gramu 7 na chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Maji yawe vuguvugu tu. Ya moto yanaua hamira, na hapo hata ukingoja mpaka jioni hakiumuki kitu.

Huna oveni? Sufuria kubwa nzito yenye mchanga ndani inatosha kabisa. Ipashe moto kwanza, weka chombo cha mkate juu ya mchanga, funika, kisha palia makaa: machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ukigonga chini ya mkate ukasikia mlio wa uwazi, umeiva. Uache upoe kabisa ndipo ukate, maana ukiukata wa moto ndani utashikana.